Anayetuchekesha Naye Ana Wimbo

Kila usharika una mtu wake wa kuchekesha. Huyo ndiye anayeitwa harusi ikipoa, kikao cha michango kikizorota, au mnada wa mavuno ukikosa wanunuzi. Watoto wakimwona tu, hata hajafungua kinywa, wameshaanza kucheka. Ni karama, wala hatuna neno baya juu yake. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tumeona jambo moja katika miaka mingi ya zamu za usiku. Mgonjwa anayechekesha wodi nzima mchana ndiye mara nyingi tunayemkuta yu macho saa nane za usiku, ameangalia dari. Mithali 14:13 iliyagusa hayo kabla chuo chochote cha uuguzi hakijafunguliwa.

Tunaandika haya tukiwa wauguzi na wanakwaya wa Njombe, tuliozoea kusafiri pamoja na hata kununiana pamoja. Mwezi wa Agosti 2024, huko Makambako, tulimwona mchekeshaji akipiga muziki na wageni kutoka mbali. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza na kusoma habari za wachekeshaji wenye muziki ndani yao, na tumepata mengi kuliko tulivyotazamia. Tumeona tusiyafungie kabatini.

Makambako wengi wenu mnaijua, angalau kwa kupita. Ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana pale na ile inayoshuka Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Upepo wake hauna adabu. Usipofunga kitenge vizuri utakikuta kituo cha mabasi. Huko anaishi ndugu mmoja ambaye watu wote humwita Mtani. Jina lake hatulitaji, ingawa tumemsomea makala hii yote naye amekubali itoke. Alichokataa ni sehemu moja tu, tuliyosema kwamba ana kitambi. Tumeifuta.

Mtani ni fundi wa kunadi. Wale ambao kwao hakuna desturi hiyo, tuwaeleze kidogo. Wakati wa mavuno si kila mtu ana fedha ya sadaka, basi wengine huleta debe la mahindi, ndoo ya viazi, parachichi, maharage, kuku, hata mbuzi. Ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Jogoo wa shilingi 15,000 sokoni, Mtani atamfikisha 60,000 kwa kumsifia kama anavyosifiwa bwana harusi: ana kazi, hanywi, anaamka alfajiri bila kuamshwa, na hajawahi kuulizwa usiku alikuwa wapi.

Chombo chake cha kazi ni gitaa la bati. Nalo mnalijua. Mwili wake ni galoni ya mafuta ya kula, shingo yake ni ubao, na nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa. Kaka zetu walikuwa wakiyatengeneza machungani, wakapigwa kwa kuharibu baiskeli ya baba. Mtani hulitumia kwa mzaha. Atalinganisha nyuzi muda mrefu kwa uso wa daktari anayepima presha, aweke sikio, atikise kichwa, halafu atangaze: "Huyu mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa." Watu hoi. Kisha atapiga kidogo na kuendelea na mnada. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kama anajua kulipiga.

Sasa tuseme jambo zito. Mwaka 2022 mke wake aliugua, akalazwa katika wodi yetu majuma kadhaa. Kila jioni Mtani alikuja na uji katika chupa ya chai, na kila jioni wodi ilicheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakituuliza, "Sista, yule baba anakuja saa ngapi?" Mmoja alimwomba asije siku ya kutolewa nyuzi, maana kicheko kingemfungua mshono. Lakini sisi tulikuwa tukimwona pia akiwa koridoni, akishaufunga mlango wa wodi nyuma yake. Uso wa koridoni ulikuwa mwingine kabisa. Alikuwa akisimama pale akishika chupa tupu, anahesabu pumzi zake, ndipo anaenda.

Yule mama alifariki. Mazishini watani wa ukoo walifanya kazi yao kama mila inavyowaruhusu, wakadai fedha, wakajilaza chini, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akigombana na mbuzi wa jirani. Hayo tumeyazoea, na yana dawa yake. Kisha mtu mmoja, nadhani tunaweza kusema kwa nia njema, akampa kipaza sauti mfiwa mwenyewe. Naye akachekesha. Alisema mkewe ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumchukua yeye bila kupandisha bei. Watu walicheka huku wakifuta machozi, wakasema kweli Mtani ni Mtani, hata msiba haumwezi. Sisi tuliokuwa tumekaa mkekani na akina mama wenzetu tulitazamana. Mtu amezika mke saa tisa, na saa tisa na nusu ndiye anayetuliza umati.

Ndiyo maana siku ile ya Agosti 2024 ilitugusa.

Tulitoka Njombe alfajiri kwa Kosta, tumevaa sweta mbili mbili, kilomita kama 60 hivi hadi Makambako, kwenda kuimba kwenye sikukuu ya mavuno ya wenzetu. Tulikuta wageni sita kutoka Marekani. Watatu kati yao walikuwa na ala: mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuwa na banjo, mama mmoja alikuwa na fidla, na binti yake alikuwa na gitaa kavu. Umeme haukuwepo. Kinanda chetu kikawa fenicha. Kwaya mbili zilizotegemea spika zilikaa kusubiri jenereta ambayo mafuta yake yalikuwa bado barabarani. Wale wageni wao hawakuhangaika. Walitoka nje, wakasimama karibu karibu kama watu wanaoota moto, wakaanza.

Muziki wao unaitwa blugrasi. Si wa zamani sana kama tulivyodhani. Bill Monroe, mpiga mandolini wa jimbo la Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki 1996, ndiye anayeitwa baba yake. Jina lilitokana na bendi yake, ambayo nayo iliitwa kwa jina la utani la jimbo hilo, jimbo la nyasi za buluu. Mwaka 1945 aliingia katika bendi hiyo kijana Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ambayo watu hawakuizoea. Ala zake ni za nyuzi tupu: banjo, mandolini, fidla, gitaa, na besi kubwa ya kusimama. Ngoma hakuna. Sauti za kuimba hupandishwa juu sana, na sehemu kubwa ya nyimbo ni za kanisani. Lakini kilichotushangaza zaidi ni namna wanavyosimama. Kwa desturi ya zamani bendi nzima hutumia kipaza sauti kimoja. Mwenye zamu ya kupiga peke yake husogea mbele, wengine wanapunguza na kurudi nyuma hatua moja, akimaliza naye anarudi, mwingine anasogea. Hawagongani. Anayejua jikoni yenye wake wa ndugu wanne siku ya harusi ataelewa ugumu wake.

Na banjo yenyewe, mpendwa msomaji, itazame vizuri. Ni duara lililowambwa kama ngoma, likatiwa shingo na nyuzi tano, mmoja ukiwa mfupi unaoanzia katikati ya shingo. Wazee wa Makambako walipoiona walisema, "Hili ni zeze lililosoma." Hawakuwa mbali na ukweli. Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki ndio waliokwenda na ufundi wa kuwamba ngozi juu ya kibuyu na kutia nyuzi, na katika nchi ya Gambia wapo hadi leo wanaopiga akonting, chombo kinachofanana nayo kama binamu.

Basi wageni walipokuwa katikati ya wimbo wa pili, Mtani, aliyekuwa akingoja kunadi, akachukua gitaa lake la bati na kuanza kumwiga yule mzee wa banjo: mabega, shingo, hata namna alivyokuwa akiuma mdomo. Umati ukacheka kama kawaida. Mama wa fidla naye akacheka. Lakini mzee wa banjo hakucheka. Aliacha kupiga, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mapafu, akamwambia mwinjilisti aliyekuwa akitafsiri, "Mwambie arudie." Maana chini ya ule mzaha Mtani alikuwa anaupiga ule wimbo wenyewe, sauti kwa sauti, ingawa aliusikia mara moja tu.

Akarudia. Mzee akaingia taratibu, fidla ikafuata, na bati lile lenye waya za breki likakaa katikati yao kama vile lilikuwa linangojewa. Zamu zikaanza kuzunguka. Mama wa fidla alisogea, akarudi. Binti akasogea, akarudi. Zamu ya Mtani ilipofika, mzee alimnyooshea kidole mahali pa kusimama. Mtani aligeuka kututazama sisi umati, na tuliona wazi kwamba anatafuta la kusema, maana miaka yote akisogea mbele watu wanangoja neno. Hakusema. Akapiga.

Kisha akaanza mwingine yeye mwenyewe, wa polepole, wimbo wa kitabuni ambao mkewe alikuwa akiuimba wodini akiwa na nguvu kidogo. Watoto walicheka mwanzoni kwa mazoea. Bibi mmoja akawatazama, wakanyamaza. Fidla iliingia chini yake kwa sauti ndogo sana, kama tunavyomshika kiwiko mgonjwa anayejaribu kutembea siku ya kwanza baada ya upasuaji: humbebi, ila akiyumba upo. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi kwa muda. Mtani alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akamchukua jogoo, akaendelea na mnada. Yule jogoo alifika shilingi 85,000. Hatujui kama bei ile ilikuwa ya jogoo.

Jioni tulipokuwa tunakula, mzee wa banjo alituambia kwamba kwao yuko mchekeshaji maarufu kuliko wote wa wakati wake, aliyefanya hivyo hivyo. Jina lake Steve Martin. Sisi hatukulitambua jina, lakini mmoja wetu alipooneshwa picha kwenye simu alipiga kelele: "Huyu si yule baba wa watoto 12!" Ndiyo, yule wa filamu ya mwaka 2003 ambayo watoto wetu wameitazama hadi wamekariri. Tangu hapo tumemfuatilia kama mtu anayefuatilia ukoo wa mkwe.

Martin alizaliwa mwaka 1945 huko Waco, Texas, akakulia California. Alianza kujifunza banjo akiwa kijana wa miaka kama 17. Rafiki yake wa shule, John McEuen, alimsaidia, lakini mengine aliyapata kwa subira: alichukua santuri za wapigaji kama Scruggs, akazizungusha kwa mwendo wa chini, kutoka 33 hadi 16, ili azisikie sauti moja moja. Baadaye, alipokuwa anachekesha jukwaani miaka ya 1970, banjo ilikuwa sehemu ya vituko vyake. Alivaa mshale bandia uliotokeza pande mbili za kichwa, huku mkononi ana chombo ambacho alikuwa anakijua kwelikweli. Watu walicheka. Mnaona tunapoelekea.

Alijaza viwanja kwa maelfu ya watu. Mwaka 1981 akaacha kuchekesha jukwaani. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 2007 ameeleza habari za upweke wa kazi ile, za hofu iliyokuwa ikimshika ghafla hadi akadhani anakufa, na za baba ambaye maneno ya sifa hayakumtoka kirahisi. Sisi wauguzi hofu ya namna ile tunaijua. Mgonjwa huja amekamata kifua, anatoka jasho, tunampima moyo, moyo hauna neno. Kinamama wengi wa hapa Njombe wanayo, na wengi wao ndio tegemeo la furaha ya nyumba.

Akaendelea na filamu, banjo ikabaki nyumbani. Halafu mwaka 2009, akiwa na miaka 63, akatoa albamu nzima ya nyimbo alizozitunga mwenyewe za banjo, iitwayo The Crow. Mapema mwaka 2010 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya blugrasi. Sasa angeweza kuwakodi wapigaji wakae nyuma yake gizani. Badala yake alifuatana na kundi la vijana wa North Carolina, Steep Canyon Rangers, ambao walikuwa wameanza kupiga pamoja tangu mwaka 2000, wakati yeye hawajui. Wakazunguka pamoja, wakatoa albamu mwaka 2011, na mwaka huo huo chama cha kimataifa cha muziki huo kikawapa wote kwa pamoja heshima ya watumbuizaji bora wa mwaka. Mwaka 2013 wale vijana wakapata Grammy yao wenyewe, bila yeye. Naye alikuwa ameanzisha tangu 2010 tuzo ya dola 50,000 kwa wapigaji wa banjo wengine. Mwaka 2016 ilikwenda kwa Rhiannon Giddens, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika aliyejitoa kuwakumbusha watu banjo ilitoka wapi.

Tumetazama maonyesho yao yaliyorekodiwa, jioni baada ya zamu, wanne kwenye simu moja. Utani hakuuacha, tusidanganyane. Kati ya wimbo na wimbo bado anawavunja watu mbavu. Katika ile albamu ya 2011 kuna wimbo mmoja wa mzaha, wa sauti tupu kama kwaya, unaosema waumini wamejaliwa nyimbo nzuri sana na wasioamini maskini hawana hata mmoja. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini wimbo ukianza tazameni miguu yake. Anarudi nyuma hatua moja. Mwenye fidla anapita mbele, naye anamtazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma ubeti kanisani. Mchekeshaji husimama peke yake. Akikosea, ukimya wote ni wake. Katika blugrasi akikosea, wanne wanaendelea, anaingia tena mbele kidogo. Tunadhani hicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Na usiku ule ule wa Januari 31, 2010, The Crow ilipopata tuzo, kulikuwa na tuzo nyingine yenye mkono wa Tanzania ndani yake, na ni aibu kidogo kwamba wengi wetu hatukusikia. Mpiga banjo Béla Fleck alikuwa amekuja Afrika mwaka 2005, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akipiga na watu wa huko. Filamu ya safari ile, iliyotoka 2008, na albamu ya 2009 ziliitwa kwa maana ya jina ambalo tunalijua sote: bwaga moyo, yaani Bagamoyo. Humo yumo Anania Ngoliga, Mtanzania asiyeona, fundi wa ilimba na zeze. Mwaka 2009 Ngoliga na mpiga gitaa John Kitime, yule wa Kilimanjaro Band, Wana Njenje, walikwenda Marekani wakazunguka majukwaa pamoja na Fleck na wanamuziki wengine wa Afrika.

Tafuteni muwasikilize. Ilimba ni vipande vya chuma juu ya ubao, banjo ni chombo cha fahari kutoka Marekani, lakini baada ya dakika moja hujui nani mwenyeji na nani mgeni. Tulipokuwa tunamsikiliza Ngoliga tulilikumbuka bati la Mtani.

Turudi kwa Mtani, maana habari yake haikuishia mnadani. Mwezi wa Septemba aliomba kujiunga na kwaya ya usharika, sauti ya nne, na kupiga gitaa lake katika nyimbo za polepole. Jambo hilo likaletwa kwenye kamati, na sisi tuliitwa kutoka Njombe kama wageni waalikwa kwa sababu tulikuwepo siku ile. Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa upole kwamba hana ubaya naye, ila watu wakimwona madhabahuni watacheka, na ibada si sarakasi. Mama mmoja akamjibu, "Baba, mbona Masanja?" Alikuwa na maana ya Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji, ambaye nchi nzima ilimjua kwa vichekesho vya Ze Comedy na baadaye Orijino Komedi, kisha akaimba Injili na kuihubiri. Nyumbani kwetu watoto walipomsikia mara ya kwanza akiimba, walikaa wakingoja utani hadi wimbo ukaisha. Mara ya pili hawakungoja.

Mzee akasema Masanja ni Masanja, huyu ni wa kwetu. Na hapo ndipo penye ugumu, tunafikiri. Wa mbali tunamruhusu kuwa na pande mbili. Wa kwetu tunamtaka abaki vile tulivyomzoea, kwa sababu anatufaa akiwa hivyo. Mmoja wetu alisimama akasimulia ya koridoni na chupa ya uji, kwa idhini ya mwenyewe. Kikao kilinyamaza. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno zaidi. Mzee yule yule akasema ana swali: je, mnada wa mwakani nani atanadi? Wakacheka wote, hata Mtani aliyekuwa amekaa nje ya dirisha akisikia kila kitu.

Walimpokea kwa miezi mitatu ya majaribio. Anasimama mwisho kulia, karibu na nguzo. Juma la kwanza watoto walicheka, la pili kidogo, na tangu Advent hatujasikia. Mnadani bado yeye ndiye, na gitaa bado linapelekwa hospitali ya rufaa. Tofauti ni kwamba msibani siku hizi kuna mtu mwingine anayeshika kipaza sauti, kijana wa Idofi, si hodari sana. Mtani humrekebisha pembeni.

Majuzi alitupigia simu kwamba waya mmoja umekatika wakati wa mazoezi na kwao hapati wa unene ule. Tulikwenda kwa fundi wa baiskeli hapa Njombe mjini, tukamwambia tunataka waya wa breki, ila uwe wenye sauti nzuri. Alituangalia sana, sare zetu nyeupe na zote, kisha akauliza baiskeli yenyewe ni ya aina gani.